Miti yenye vidole na rangi ya matope: picha za hadithi za kale zinaangaliwaje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka saba, naishi Tabata. Mwezi uliopita nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta kitabu kikubwa cha hadithi za kale za Ulaya kwa shilingi 15,000. Ndani kuna picha za wachoraji watatu: Gustave Doré, Arthur Rackham na Ivan Bilibin. Rafiki yangu aliyesomea sanaa anasema nimeokota dhahabu. Kusema kweli mimi naona giza tu: za Doré nyeusi tii, za Rackham rangi ya maji ya mtaroni, na miti ina vidole. Za Bilibin afadhali. Mwanangu anafunua kurasa mbiombio kama anayehesabu noti. Je, kitabu kimechapwa vibaya au sisi ndio hatujui kuangalia?

JIBU: Dada yangu, yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, kwa hiyo tuanze na lile linalopimika, yaani uchapaji. Ukishajua lipi ni kosa la kiwandani na lipi ni uamuzi wa mchoraji, hutamlaumu mtu asiye na hatia.

Chukua kitabu saa tatu asubuhi, kaa karibu na dirisha mwanga ukitokea ubavuni, ila jua lenyewe lisipige ukurasa. Balbu za LED za bei nafuu tulizojaza majumbani hupausha nyekundu na kahawia, na Rackham amejenga picha zake kwa rangi hizo. Ukizitazama usiku sebuleni unapata nusu tu. Kama karatasi inang'aa, inamisha kitabu kidogo mpaka mng'ao uondoke. Sasa tafuta picha ya Rackham yenye kitu ambacho kwa kawaida ni cheupe: aproni, kitambaa cha kichwa, ndevu za mzee, mwezi. Kilinganishe na udongo au gome la mti lililo jirani. Aproni ikiwa imejitenga na udongo, hata kama si nyeupe pee bali ni rangi ya chai ya maziwa, basi hayo matope ni ya Rackham mwenyewe na aliyataka. Aproni na udongo vikishikana hata hujui kimoja kinaishia wapi, matope ni ya mchapaji.

Kipimo cha pili ni mstari. Tafuta nywele za ajuza, au mizizi ya mti, uzisogelee kwa kioo cha kukuza. Kama huna, piga picha kwa simu kutoka sentimita kumi hivi, bila flashi, kisha uivute kwa vidole. Mistari ya nywele inatakiwa ihesabike. Ikiwa imeungana na kuwa doa, mtu alinakili picha kutoka kwenye nakala ambayo nayo ilikuwa nakala. Utaona pia nukta ndogondogo za bluu, waridi, njano na nyeusi. Hizo zisikutie wasiwasi, picha ya rangi iliyopita kiwandani huwa nazo. Kinachotia wasiwasi ni uzi mwembamba wa nyekundu au bluu unaokimbia pembeni ya umbo, kama kivuli kilichokosea njia. Hapo rangi hazikukaa sawa juu ya nyingine, na nusu milimita inatosha kumfanya mtoto aliyechorwa vizuri aonekane ana kengeza.

Kwa Doré ni rahisi zaidi. Picha zake za hadithi hizi zilichongwa kwenye ubao, kwa hiyo hakuna kijivu halisi ndani yake. Kuna wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Kile unachokiona kama kijivu ni mistari iliyokaribiana. Ukikuza ukakuta mistari safi, uchapaji ni mzuri. Ukikuta ukungu wa kijivu umeziba nafasi kati ya mistari, giza unalolilalamikia si la Doré. Angalia pia pembe mbili za chini za picha. Mara nyingi pembe moja ina jina la Doré na nyingine jina la fundi mchongaji, kwa sababu yeye alichora juu ya ubao na fundi ndiye aliyegeuza mchoro ule kuwa mistari ya kuchongwa. Majina hayo yakiwa yamekatwa, mchapaji wako amekata ukingo, na aliyekata ukingo wa chini huenda amekata na wa juu.

Ukitaka uhakika kamili, tumia bando kidogo uingie Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya zamani vya bure. Doré alifariki mwaka 1883, Rackham 1939, Bilibin 1942. Haki za kunakili kazi zao zimekwisha, ndiyo maana picha zao zimewekwa huko bure, na ndiyo maana pia kila mwenye mashine anaweza kuzichapa upya, hodari na mbabaishaji. Weka simu kando ya ukurasa, lakini usilinganishe rangi, maana kioo cha simu kina mwanga wake. Linganisha kingo na mistari.

Tuseme kitabu chako kimefaulu. Kwa nini basi Rackham ana rangi ya mtaro?

Huyu bwana alikuwa mtu wa kalamu kabla ya kuwa mtu wa rangi. Alianza kwa penseli laini, akapita juu yake kwa wino mweusi, akaifuta penseli, ndipo akaweka rangi ya maji iliyozimuliwa sana, tabaka moja juu ya jingine. Wakati wake picha za rangi zilichapwa kwa wino wa njano, nyekundu na bluu, zikipandana ili kupata rangi nyingine zote. Mashine ikiteleza kidogo, picha isiyo na mstari huyeyuka. Ile yenye kiunzi cha wino hubaki imesimama hata rangi zikiyumba. Rackham alikuwa anachora huku akijua mashine itamfanyia nini. Kahawia, kijivu, kijani kilichofifia: rangi hizi haziudhi zikisogea, na zinauachia mstari nafasi ya kuongea.

Mstari ndio wa kuuangalia kwanza, na hapo ndipo macho yetu ya Dar yanapokwama, kwa sababu yamelelewa na kitu kingine. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 hapa mjini, alipaka rangi za mafuta zinazong'aa juu ya masonaiti, yaani mbao nyembamba za kiwandani: mnyama mmoja akajaza ubao, nyuma yake rangi moja, hakuna kivuli. Kwenye picha ya namna hiyo rangi inakusalimu kwanza, maelezo yanafuata. Ukimwendea Rackham kwa desturi hiyo utasubiri salamu isiyokuja. Fanya jaribio hili: piga picha ukurasa mmoja wa Rackham kwa simu, uugeuze uwe mweusi na mweupe. Fanya hivyo hivyo kwa picha yoyote ya Tingatinga. Ya Tingatinga itapungukiwa sana. Ya Rackham karibu haitapoteza kitu. Baada ya hapo rudi kwenye ukurasa wenyewe, na ile rangi uliyoiita ya matope utaiona ni kama mchuzi mwepesi uliomwagiwa juu ya mchoro ambao tayari umeshiba.

Kuhusu vidole vya miti. Soma tena maandishi ya hadithi ya Hansel na Gretel, wale watoto wawili wanaoachwa msituni na kuangukia kwa ajuza: yanasema kulikuwa na msitu mkubwa. Mti ulikuwaje, mzizi ulipinda vipi, hayasemi. Hadithi hizi zilitoka midomoni mwa watu, na msimuliaji wa mdomo hapotezi muda kueleza gome la mti. Mchoraji anaingia pale maneno yaliponyamaza. Rackham akaamua kwamba msitu nao uwe mhusika, una mikono, una sura, unasikiliza. Kwa hiyo ukiona tawi lenye kucha, uliza linaelekea kwa nani. Weka kidole chako kwenye shina, ufuate tawi mpaka ncha yake ya mwisho, uone linakufikisha wapi. Kisha linganisha mistari: wazee na miti huchorwa kwa mstari uliokunjamana wenye mafundo, watoto kwa mstari mwepesi laini. Ajuza na msitu wanafanana kama ndugu. Hilo hadithi haikulisema popote.

Hapo kuna mtego kwa mtoto wa huku. Mti usio na majani kwake ni mti uliokufa, au mbuyu wakati wa kiangazi. Ulaya miti mingi hupukutisha majani yote majira ya baridi na yanarudi baadaye. Mwambie hivyo mara moja tu, kwa sentensi moja, kabla ya kufungua, la sivyo atadhani msitu wote umeungua. Mtego wa pili ni mbwa mwitu. Tafsiri zetu zimempa jina hilo yule mnyama wa hadithi ya msichana wa kofia nyekundu, lakini mbwa mwitu wa mbuga zetu ana mabaka na masikio makubwa ya duara. Huyo wa Ulaya ni mnyama mwingine, ana masikio yaliyochongoka na manyoya mazito. Na kazi anayoifanya kwenye hadithi, ya kula watu kwa hila, sisi kwa kawaida tunampa fisi au zimwi. Hapa picha inasahihisha neno, kwa hiyo acha ifanye kazi yake. Usimwambie mtoto ni mbwa mwitu kisha ukapita.

Sasa Doré. Tumtazame kwenye picha moja tu ya hadithi ya msichana wa kofia nyekundu, ile ya kitandani, maana kwa wengi ndiyo inayotisha na ndiyo yenye mengi. Msichana yuko kitandani na mnyama aliyevaa kofia ya kulalia ya bibi. Funika maandishi kwa karatasi nyeupe. Kodoa kwanza, kisha fumba macho nusu mpaka maelezo yapotee yabaki mafungu ya mwanga na giza. Utaona mwanga umekusanyika kwenye mashuka, kwenye kofia na kwenye ngozi ya msichana, na giza limezunguka. Fumbua. Anza na mkono wa msichana: amelivuta shuka kifuani. Nenda kwenye macho yake, ufuate yanakoangalia, yatakupeleka moja kwa moja kwenye pua ndefu inayotokeza katikati ya marinda ya kofia. Marinda yale yamechongwa kwa upole uleule wa kitambaa cha bibi yeyote duniani, na ndani yake kuna manyoya. Angalia mistari inavyobadilika pale kitambaa kinapokutana na manyoya: ya kitambaa imepinda na kuachana, ya manyoya ni mifupi na imesongamana. Ni wino uleule mweusi, ila fundi ameubadilisha mwendo, na wewe ukahisi vitu viwili tofauti kwa ngozi ya kidole. Halafu uliza, mnyama anaangalia wapi? Hilo nakuachia na mwanao.

Hakuna damu kwenye picha hiyo. Doré amechagua dakika ya kabla. Hili ni jambo la kulitafuta kwenye picha yoyote ya hadithi: mchoraji amesimamisha saa wapi? Kabla ya tendo, katikati, au baada? Anayechora kabla anamwachia mtazamaji amalizie mwenyewe kichwani, na kichwa cha mtu humalizia vibaya kuliko kalamu.

Huenda mwanao akauliza swali ambalo watu wazima wengi hulikosa: mbona yuko kitandani? Kwenye maandishi ya Grimm, wale ndugu wawili wa Kijerumani waliokusanya hadithi, msichana hapandi kitandani. Anafika, anafungua pazia, mnyama anamrukia, baadaye mwindaji anakuja kumtoa tumboni. Doré hakuchora kwa ajili ya Grimm. Alichora mwaka 1862 kwa ajili ya hadithi za Charles Perrault, Mfaransa aliyezichapisha 1697, na kwa Perrault msichana anavua nguo, anapanda kitandani, analiwa, hadithi imekwisha. Hakuna mwindaji. Wakusanyaji wa vitabu kama chako hupenda kuweka picha ya Doré kando ya maneno ya Grimm kwa sababu hadithi ni "ileile". Kwa hiyo picha na maandishi vinapogombana, usimkemee mtoto kwamba hakuelewa. Ameelewa vizuri kuliko aliyepanga kitabu. Uso wa yule msichana ni wa mtu ambaye hakuna anayekuja kumwokoa.

Umesema Bilibin ni afadhali, na nadhani najua kwa nini: unamsoma kama kanga. Tazama ukurasa wake. Pembezoni kuna ukanda wa mapambo unaozunguka, huo ni pindo. Katikati kuna picha yenyewe, huo ni mji. Maandishi nayo yamepewa nafasi yake ndani ya mpangilio, kama jina la kanga. Na kama kwenye kanga, kosa la mgeni ni kuruka pindo na kukimbilia mji. Anza na pindo la Bilibin: ni mapambo matupu, au kuna mimea na wanyama wa msitu ule ule wa hadithi? Je, linabadilika ukifika hadithi nyingine? Kisha ingia mjini. Yeye huzungushia kila umbo mstari mweusi ulio sawasawa, halafu hujaza rangi bapa isiyo na vivuli vingi, kwa hiyo jicho lililozoea Tingatinga halipati tabu. Hadithi zake za Kirusi zilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kiwanda cha serikali kule St Petersburg, kilekile kilichochapa noti za fedha, ndiyo maana mistari ile ilikuwa safi namna ile. (Mwanao anayefunua kama anahesabu noti hakukosea sana.)

Usimpite ajuza wa hadithi hizo za Kirusi, Baba Yaga. Wazungu wengi humwonea ajabu kwa sababu chombo anachosafiria hakimo tena jikoni mwao. Mwanao atakitambua kabla yako. Ajuza huyo anaruka msituni akiwa ndani ya kinu, na mchi anao. Mwache acheke. Kisha mwulize kinu kile kina ukubwa gani ukilinganisha na cha nyumbani kwa bibi yake, na huyo mama ameingiaje humo.

Kuhusu mtoto na mbio zake za kufunua. Anafunua haraka kwa sababu anatafuta tukio, na ameshazoea katuni zinazompa tukio kila sekunde mbili. Humtibu kwa kumwambia atulie. Mpunguzie chakula: picha moja kwa jioni, basi. Isiwe ya kwanza kitabuni, iwe uliyoichagua wewe mchana na kuipitia. Simulia hadithi kwanza kitabu kikiwa kimefungwa, kwa paukwa na pakawa kama kawaida, ufike mpaka tukio la picha ile, kisha uliza: "Hapo wewe unaonaje, ajuza kasimama wapi?" Akishajibu, ndipo ufungue. Mtoto aliyekwisha kuchora picha yake kichwani hulinganisha, na anayelinganisha hafunui. Atakwambia mchoraji amekosea, ajuza alitakiwa awe mnene. Hapo amekwisha kuanza kuiangalia kazi ya mtu kama kazi ya mtu.

Maswali mawili yanaua mchezo. La kwanza ni "Hii ni nini?", mti, nyumba, kuku; linageuka mtihani wa chekechea. La pili ni "Ni nzuri?", maana jibu ni ndiyo na mazungumzo yamekufa. Uliza yanayomlazimisha kurudi kwenye karatasi. Nani amemwona nani? Nani bado hajaona? Mkono huu umeshika nini? Anayetazama kakaa wapi, juu ya mti au chini kwenye majani? Nyekundu iko wapi, na kwa nini haipo kwingine? Dakika tatu zinatosha. Zikifika tano mfululizo kwa mtoto wa miaka saba, umeshukuru.

Vifaa viwili vya kujitengenezea vitakusaidia sana. Kata kwenye boksi la sabuni dirisha la sentimita 4 kwa 4, mpe mtoto alipitishe juu ya picha polepole. Rackham na Doré wote wana mambo kwenye pembe ambayo jicho zima hulipita, na dirisha dogo humlazimisha mtu aone kona kabla ya kuona habari yote. Cha pili ni rula ya shuleni. Pima urefu wa picha, kisha urefu wa mtoto aliyechorwa ndani yake. Mtoto wa sentimita 3 kwenye picha ya sentimita 24 ni sehemu moja ya nane: mchoraji amemzamisha. Mtoto wa sentimita 12 ni nusu: amempa nguvu. Pima kwenye picha za mwanzo na za mwisho za hadithi moja, utaona mtoto anavyokua na kusinyaa kulingana na hali, na mwanao atafurahia hesabu ambayo haina daftari.

Kuna jambo la mpangilio ambalo huwaharibia wengi. Enzi za Rackham, karatasi iliyofaa kwa picha za rangi ilikuwa laini na ya kung'aa, tofauti na ya maandishi, hivyo picha zilichapwa kando zikabandikwa kitabuni kwa gundi kwenye ukingo mmoja. Toleo lake la Grimm la 1909 lilikuwa na picha 40 za rangi. Picha ya namna hiyo haikai lazima pale tukio lake lilipo; inaweza kutangulia kurasa mbili tatu, na vitabu vya kukusanya kama chako hurithi tatizo hilo au huliongeza. Matokeo yake mtoto anaona ajuza mlangoni wakati maandishi bado yako nyumbani kwa baba, na hamu imekwisha. Pitia kitabu mchana, uchomeke kipande cha karatasi kwenye kila picha iliyotangulia, ukiandika kwa penseli ni ya ukurasa gani. Angalia pia mshono wa katikati. Picha iliyotandazwa kurasa mbili ikiwa imemezwa uso au mkono na mshono, usilazimishe kitabu kilale bapa. Gundi ya vitabu vya mitumba imekwisha kukauka, utasikia "ka" na kurasa zitaanza kutoka moja moja. Kifungue kwa nyuzi kama 120, ukiegemeze kwenye mito miwili.

Na ile dhahabu ya rafiki yako? Kisoko, hapana. Wakusanyaji wanatafuta matoleo ya zamani yenye picha zilizobandikwa, si mkusanyiko uliochapwa upya, na 15,000 ni bei ya haki tu. Hilo lina faida yake: huna sababu ya kukifungia kabatini. Unyevu wa Dar ungekiotesha ukungu huko, hasa ukikifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kiweke rafu ya wazi, kisimame wima, kisiguse ukuta unaotoa jasho masika, na mwanao akifuate mwenyewe akitaka. Anawe mikono tu kwanza, hasa kama ametoka kula maandazi.